Nukta ya Jicho la Kushoto

Ngumi ya Dobi ilitoka mahali ambapo kwangu mimi hapakuwa mahali. Sikuiona ikianza wala ikija. Nilichojua ni kwamba kichwa kimegeuka chenyewe kutazama taa za ukumbi, na mdomoni kumejaa ladha ya chuma. Nilirudi nyuma, nikainua mikono, nikamtafuta mtu wangu. Hakuwepo. Halafu mbavu za kushoto zikapokea nyingine, nikajua aliko.

"Mzunguke, Kisiki," Kocha alikuwa akipaza sauti kutoka kona yetu. "Mweke kulia. Mweke kulia, nakwambia."

Kusema ni rahisi. Yule mtu aliitwa Dobi kwa sababu ya tabia yake ya kumbana mpinzani kwenye kamba na kumkamua mbavu mpaka abaki mkavu, na kufikia raundi ya nne alikuwa ameshanusa jambo. Nilimwona akinijaribu. Alirusha ngumi moja ya uongo kulia kwangu, nikaikwepa. Akarusha ya uongo kushoto, nami nikabaki nimesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Akatabasamu. Bondia akikutabasamia katikati ya pambano, jua kuna kitu chako amekiokota.

Nilikuwa nimempiga vizuri raundi za mwanzo. Hilo naomba lieleweke, maana watu hupenda kusimulia pambano lile kana kwamba nilipanda ulingoni kuchapwa. Pua yake niliivunja mimi, raundi ya pili, kwa mkono wa kulia. Niliihisi ikikatika chini ya glovu, na damu yake ikanirukia kifuani ikiwa ya moto. Ningekuwa na macho mawili, Dobi angelala pale pale.

Lakini sikuwa na macho mawili, na mtu wa kwanza kulisema hilo hakuwa daktari wala Kocha. Alikuwa mke wangu, na hakulisema kwa mdomo.

Mke wangu ni mchora vibao. Miaka ile, ukiona kinyozi kachorewa vichwa ukutani, au fundi viatu ana kiatu kikubwa kuliko duka lake, mara nyingi ulikuwa mkono wake. Tulikutana alipokuja kuchora ukuta wa nje wa klabu yetu ya ngumi. Nilisimama nyuma yake nikamwambia ngumi haikunjwi hivyo, dole gumba haliingii ndani. Hakugeuka. Akasema, "Basi kunja nione." Nikakaa nimeinua ngumi mbele yake mpaka bega likaanza kutetemeka, na hadi leo ninaamini alikuwa amemaliza zamani, alikuwa ananikomoa tu.

Mama yake alipoambiwa kazi yangu aliuliza, "Kwa hiyo huyu analipwa kwa kupigwa?" Akajibiwa hapana, analipwa kwa kupiga. "Na hao anaowapiga wanamwangalia tu?" Nilimheshimu sana mama mkwe kuanzia siku hiyo.

Vibao vilikuwa vya kutupatia mkate. Kwa nafsi yake alichora watu, nyuma ya vipande vya plaiwudi alivyovirudisha kutoka maduka yaliyofungwa. Chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa karakana, na kila tulichokula kwa miaka hiyo kilikuwa na harufu ya tapentaini. Alikuwa na utaratibu wake, hakuuvunja kwa mtu yeyote: macho yalikuja mwisho. Nywele, mashavu, shingo, mikono, hata vifungo vya shati, vyote vilikamilika na pale pa macho pakabaki patupu. "Ukiyaweka mapema anaanza kukuangalia," alisema, "na mkono unaingiwa na adabu." Kisha mboni. Kisha, baada ya yote, nukta moja ya rangi nyeupe katika kila jicho, ndogo kama kichwa cha pini. Kabla ya nukta ile unaona sura. Ikishawekwa, mtu ameamka. Nilikuwa naacha sahani yangu mezani nije kushuhudia.

Pambano la mkanda wa ubingwa lilipopangwa, mwenye ukumbi aliomba picha yangu ya kutundika mlangoni siku ya kupima uzito. Bila shaka alitarajia ngumi mbili na uso wa kununa. Mke wangu akanikalisha ukingoni mwa kitanda chetu, bila shati, miguu peku, ninafungua bandeji ya mkono kwa meno.

"Sasa nani atamwogopa huyu?" nikamuuliza.

"Simchori wa kuogopwa. Namchora wangu."

Mimi na shingo yangu nene nilikosa pa kuangalia. Nikamwambia angalau apunguze tumbo. "Punguza wewe," akasema, "mimi nitafuata."

Nilikaa kitandani hapo alasiri baada ya alasiri, mwili ukiuma kwa mazoezi, nikisikiliza brashi. Nadhani sijawahi kutulia vile mahali popote. Alinichora kovu la nyusi, na kidole kilichopinda, na ile alama ya mkanda wa suruali kiunoni ambayo hakuna mwingine anayeijua. Mwili wote ukapatikana. Yakabaki macho, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na safari.

Kwani jicho langu la kushoto lilikuwa linakufa. Lilianza kwa cheche, siku moja mazoezini, baada ya kijana mmoja mwenye kichwa kigumu kunigonga nacho. Nikadhani zitaondoka. Zikaondoka, na nafasi yake likaja pazia jeusi kutoka pembeni, likisogea taratibu bila haraka yoyote, mpaka nikawa naona upande ule kiasi cha mwanga unaopita chini ya mlango. Daktari wa chama aliponipima kwa ajili ya pambano, alisema nifunike jicho moja nisome herufi. Nikafunika la kushoto, nikasoma. Akasema badilisha. Nikabadilisha mkono, nikafunika lile lile, nikasoma tena. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Akaniambia nina macho ya mwewe.

Sikumwambia mtu. Mkanda ule niliusubiri tangu sijaota ndevu, na umri wangu ulikuwa hauruhusu tena kusubiri. Nyumbani nilihama upande wa kitanda. Mezani nilikaa pale ambapo mke wangu angekuwa kulia kwangu. Niligonga bega la kushoto kwenye fremu za milango nikasema milango ya siku hizi ni myembamba. Kila aliponiita, "Njoo ukae, nimalizie macho," nilikuwa na mguu mmoja nje. Naye hakusisitiza. Ningemjua kweli mke wangu, kutosisitiza kwake kungenitisha.

Siku mbili kabla ya pambano nilirudi kutoka mazoezini nikaikuta picha imeegemezwa ukutani, imekamilika. Alikuwa ameyaweka macho bila mimi.

La kulia lilikuwa na nukta. Liliniangalia moja kwa moja, likiwa limechoka kidogo na limependa kidogo, kama nilivyomwangalia yeye. La kushoto alikuwa amelichora kwa uangalifu uleule, mboni na kope na mshipa mdogo mwekundu kwenye pembe. Halikuwa na nukta. Basi. Hakuna kingine alichofanya. Lakini nilipolitazama nililitambua, maana lile ndilo jicho nililokuwa naliona kwenye kioo kila asubuhi nikinyoa na kujidanganya.

"Hujamaliza," nikasema.

"Nimemaliza."

"Weka nukta."

"Nachora ninachokiona," alisema. "Hapo sioni mtu."

Sijawahi kupandwa na hasira ya namna ile, hata ulingoni, ambako hasira ni kazi. Nilipiga stuli teke ikaenda kuvunja kioo cha kabati. Kopo la buluu likapinduka, likamwagika mpaka kwenye miguu yangu. Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Nikamwambia amekaa humu ndani miezi yote ananichunguza kama mwizi, nikamwambia hajui maana ya kungoja kitu, nikamwambia ana wivu kwa sababu yeye anachora vichwa vya vinyozi. Alisimama mbele ya picha mikono imeshuka, brashi vidoleni, akinisikiliza. Nikakunja ngumi, nikamsogeza kwa bega, nikaiendea ile plaiwudi niipasue katikati.

Kitu cha baridi kikapita shingoni mwangu, kuanzia chini ya sikio la kushoto hadi kooni.

Nikasimama. Nikapeleka mkono, ukarudi mwekundu. Nilitazama vidole vyangu nikaacha kutukana, kwa sababu nilijua mke wangu amenikata, na nilijua kwamba sikumwona akija.

"Ni rangi," akasema. Alikuwa kushoto kwangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa kiwiko, na ilinibidi nigeuze kichwa chote ndipo nimpate. Brashi ilikuwa mkononi mwake, inadondosha matone. "Nimekuja polepole. Nimekunja mkono, nimekunjua, nimekupaka kutoka hapa mpaka hapa, na wewe ulikuwa bado unanitukana. Ni rangi, mume wangu. Jumamosi haitakuwa rangi."

Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu chini ya ile chuki kulikuwa na woga mkubwa kiasi kwamba sikuweza kuutazama. Nilitoka nje hivyo hivyo, miguu ya buluu, shingo imechinjwa, nikatembea mtaani na watu wakinipisha njia. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe akamficha nyuma ya sketi yake. Nilizunguka mpaka rangi ikakauka ikaanza kunivuta ngozi.

Kesho yake Kocha alikuja kuichukua picha. Kocha alikuwa mtu wa nyumbani kwetu, hakubisha hodi. Ndiye aliyeniokota nikibeba magunia, akanipa kazi nyingine ya mabega. Ndiye aliyenifunga tai siku ya harusi yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimejifunga fundo la glovu. Nisingemwita baba mbele ya watu, lakini moyoni nilimwita hivyo.

Aliikagua picha kwa muda, mikono nyuma. Nilimwona anaanzia miguuni, anapanda taratibu, anatabasamu kwenye tumbo. Alipofika machoni tabasamu likaondoka.

"Kazi nzuri sana, shemeji," akasema. "Ila kuna kitu kidogo umesahau hapa."

"Sijasahau, Kocha."

"Unajua, picha hii itakaa mlangoni. Watu wa Dobi watapita pale kupima uzito. Wale watu wana macho." Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia. "Weka tu hiyo nukta ya pili. Si kazi kubwa."

Mimi nilikuwa nimeegemea kabati lililovunjika, na ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nimesikia. Kocha hakuuliza kwa nini nukta haipo. Hakushangaa. Nikakumbuka jinsi alivyonifundisha miezi ile niwe nainamisha kidevu na kugeuza uso kidogo kushoto, akisema ni mtindo mpya. Nikakumbuka kwamba alikuwa ameacha kunishikia pedi upande ule. Alijua, na alinifundisha kuficha, nami nikadhani ananifundisha kupigana.

"Ulikuwa unajua," mke wangu akamwambia.

"Shemeji, kila bondia ana kasoro yake. Huyu akipata mkanda atapumzika. Pambano moja tu."

"Na akikosa jicho la pili?"

Kocha akanigeukia mimi. Na mimi, badala ya kumtoa nje kwa kola ya shati, nikasema, "Weka nukta, mke wangu. Tusigombane." Nilikuwa bado nautaka ule mkanda. Ningeutaka hata kama wangeniambia nitapanda ulingoni kwa kutambaa.

Mke wangu alichovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akaifuta ncha, akanishikisha.

"Weka mwenyewe," akasema.

Nikapiga goti mbele ya picha yangu. Nilijiambia ni kitone tu, hata mtoto angeweza. Nilipeleka brashi taratibu kwenye lile jicho, nikaona imefika, nikabonyeza. Haikuwa imefika. Nilikuwa napaka hewa. Nikasogeza kidogo, nikabonyeza tena, bado hewa. Nyuma yangu nilisikia Kocha anahema. Nikapata hasira nikasukuma, na safari hii plaiwudi ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Nywele za brashi zikajikunja, zikateleza chini ya kope, zikaacha tone zito kwenye shavu, na tone likaanza kushuka.

Hata kama ningekuwa na maneno, ningeyaweka wapi? Nilimpiga Dobi akilini mwangu mara elfu, na nilikuwa nimeshindwa kugusa kipande cha mbao kisichosogea.

Kocha alichukua kofia yake. "Iacheni," akasema. "Nitamwambia mwenye ukumbi picha haijakauka." Mlangoni akasimama. Nilingoja aseme kwamba pambano limekwisha, twende hospitali. Nakiri nilingoja kwa hamu, kama mtoto anayengoja kukatazwa. "Gari litakupitia kesho saa nane," akasema. "Ulale mapema."

Mke wangu aliosha brashi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Utakwenda?" akauliza bila kugeuka.

"Nitakwenda."

"Haya," akasema. Kuna haya ya kukubali na kuna haya ya kufunga mlango. Akachukua shuka kuukuu tulilokuwa tukilitandika chini siku za kupaka rangi, akaifunika picha.

Kwa hiyo nilikwenda, na sasa mnaelewa nilikuwa nasimama wapi wakati Dobi anatabasamu.

Raundi ya tano na ya sita alinifanyia kazi yake. Alikaa kushoto kwangu kama aliyepanga chumba pale. Nilizunguka, akazunguka. Aliniponda mbavu mpaka kupumua kukawa na makali, akanichana juu ya jicho lililokufa, ambako kuchanwa hakukunipunguzia kitu. Kisha akawa na akili zaidi. Akaanza kulitafuta la kulia. Alilipiga kwa ngumi fupi fupi, hakuwa na haraka, na kila nilipokaa konani lilikuwa limevimba zaidi. Kocha alilikandamiza kwa kipande cha chuma baridi. Makocha wote huuliza mabondia wao wanaona vidole vingapi. Wangu hakuuliza.

"Amechoka," aliniambia sikioni. "Pua inamziba. Raundi mbili tu zimebaki."

Katika raundi ya nane jicho la kulia likafunga. Sikuambiwa na mtu. Taa zikawa utepe mwembamba, utepe ukawa uzi, uzi ukakatika, nami nikabaki gizani na mtu anayetaka kuniua. Watu elfu walikuwa wanapiga kelele kunizunguka. Mpigane gizani siku moja ndipo mjue jinsi ngumi zilivyo nyingi. Zilitoka sakafuni, zilitoka darini. Moja ilinipiga sikio, dunia ikaanza kulia mluzi. Moja ilinipiga koo.

Halafu nikasikia mluzi mwingine, mdogo, wa kweli. Ilikuwa pua yake. Ile niliyoivunja. Dobi alikuwa anapumua kwa tundu moja na ilikuwa inapiga filimbi, na kwa sekunde chache nilimwona kwa masikio, wazi kuliko nilivyowahi kumwona kwa macho. Nikarusha wa kulia kwenye ile filimbi. Nilihisi meno. Ukumbi ukainuka. Nilicheka, nadhani, na nilikuwa bado nacheka aliponirudishia, na sakafu ikaja kunipokea.

Niliinuka. Kwa nini niliinuka sijui, miguu iliamua. Refa alinifuta glovu, akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa, nikiwa nimeelekea nguzo. Nilimsikia Dobi akija, viatu vyake juu ya turubai, chap chap chap, bila woga wowote sasa. Nikainua mikono upande ambao sio.

Ngumi haikufika. Badala yake kengele ikapigwa, ikapigwa tena, na mikono ya refa ikanikumbatia kiunoni. Nilisikia kelele ya watu ikibadilika, ikawa kuzomea, halafu, ajabu, ikawa kicheko. Kitu laini kilikuwa kimenisokota miguuni. Nikainama nikakipapasa. Kilikuwa kitambaa, kikubwa, kikavu, kimeganda mabaka mabaka, na kilinuka tapentaini.

Mke wangu alikuwa hajawahi kuja kunitazama. Alikuwa anasema rangi nyekundu anayoiona kazini inamtosha. Siku ile alikuja na lile shuka begani, akapita kwenye viti vya mbele, na walinzi wakampisha wakidhani ameleta taulo za kona yetu. Alisubiri mpaka nilipoinuka. Kisha akalirusha. Refa aliona kitambaa kinaruka kutoka upande wetu kinaangukia ulingoni, na kwa refa kitambaa kikitoka kona yako maana yake ni moja, kusalimu amri. Alikuwa ameshapunga mikono kabla hajagundua kwamba hakuna taulo duniani yenye ukubwa ule. Kocha alipanda kwenye kamba akipiga kelele kwamba si lake, si lake. Lakini jambo lilikuwa limekwisha.

"Dobi kaletewa shuka," mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walinirushia chupa. Niliondoka ulingoni nimeshikwa mkono kama bibi harusi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilikaa kwenye benchi na barafu kwenye jicho la kulia mpaka likapata ufa mdogo wa kuonea. Nilikuwa na hasira, na yote ilikuwa juu yake yeye, mke wangu. Nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa napanga kumwambia asirudi nyumbani kwangu. Nikasikia mlango, nikajua hatua zake, akaja akasimama kushoto kwangu. Sikumgeukia. Kisha mlango ukafunguka tena kwa kishindo.

"Umeniharibia mtu wangu," sauti ya Kocha ikasema. "Miaka yangu yote. Kwa shuka."

"Si mtu wako," mke wangu akamjibu.

Nilisikia kofi. Sikuliona. Lilitokea karibu yangu kiasi kwamba upepo wake ulinigusa shavu, na kichwa cha mke wangu kikagonga kabati la chuma, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika barafu, natazama ukuta mtupu.

Hapo ndipo nilipolielewa jicho langu. Dobi hakunifundisha, wala ile rangi shingoni. Nilielewa kwamba upande wangu wote wa kushoto, mtu anaweza kumfanya mke wangu anachotaka, na mimi nikawa nipo na sipo. Niligeuza kichwa, kikazunguka safari ndefu sana, mpaka nikamkuta. Alikuwa ameshika shavu. Damu ilikuwa inatoka kwenye mdomo, kidogo, na alikuwa ananitazama mimi, si Kocha, kama anayesubiri kujua kitu.

Bandeji zilikuwa bado mkononi. Nilimpiga Kocha mara moja, kutoka chini, kwa uzito wote alionifundisha yeye mwenyewe. Taya lake lilitoa sauti kama ubao unaovunjwa gotini. Alianguka kati ya ndoo na viatu vyetu, macho wazi, akanitazama kwa mshangao mkubwa, na mimi nikaanza kulia. Nililia kwa sauti. Nilikuwa nampenda mzee yule.

"Twende nyumbani," mke wangu akasema.

Chama kilinifungia maisha kwa kumvunja taya kocha wangu. Haikuwa hasara. Hospitali walisema la kushoto limekwisha, na la kulia lilikuwa limeanza kuchanika vile vile. Ngumi kadhaa zaidi na ningekuwa napapasa kuta hadi leo. Wakalishona. Wiki zote nilizolala nimefungwa macho, mke wangu alinilisha kwa kijiko, na hakusema "nilikwambia" hata siku moja. Mimi ningesema.

Sasa nafanya kazi kwake. Ninapiga msasa mbao, ninapaka rangi ya chini, ninabeba vibao. Vijana wanaopita mlangoni huniita Shuka, nami huitika. Picha ile imetundikwa karakanani, juu ya meza ya makopo, tumbo na miguu peku na vyote. Hatukuwahi kulifuta lile tone.

Juzi alikuja mama mmoja wa saluni kuchukua kibao chake. Akazungusha macho karakanani, akasimama mbele ya picha, akainama karibu.

"Huyu baba mbona analia?"

"Halii," nikamwambia. "Ni brashi iliteleza."

Mke wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, ametugeuzia mgongo, anamalizia macho ya mtu mwingine. Hakugeuka.

"Alikuwa analia," akasema.

Sikubishana naye. Nilichukua msasa wangu, nikavuta stuli nikaizungusha mpaka yeye akawa kulia kwangu, nikaendelea na kazi.